Kipimo cha vinasaba kinachowaka mwanga: nimjibu nini bosi wangu hapa Pasua?

Fundi Sampuli (Moshi)

Heshima kwenu wakuu. Nina swali la kikazi, na naomba wenye elimu ya vinasaba wanijibu kwa lugha ya benchi.

Mimi ni mteknolojia wa maabara kwenye zahanati binafsi huku Pasua. Maabara yenyewe ni chumba kimoja: hadubini, sentrifuji ndogo, jokofu la vitendanishi, na pangaboi ambalo likiwekwa namba tatu linapeperusha fomu zote mpaka mapokezi. Tunapima malaria kwa MRDT (kile kipimo cha haraka cha mstari) na kwa slaidi, mkojo kwa kijiti na kwa hadubini, sukari, mimba, wingi wa damu, na widal. Ndiyo, widal, kile kipimo cha zamani cha taifodi. Msinirushie mawe kwanza.

Mgonjwa wa huku haji na dalili, anakuja na orodha. "Dada, nipime malaria, taifodi na UTI." Malaria inatoka hasi karibu kila mara, labda awe anatokea Mabogini kwenye mashamba ya mpunga au kasafiri. Widal ikisoma 1:160 daktari anaandika taifodi. Mkojo ukiwa na chembe nyeupe mbili tatu anaandika na UTI juu yake. Mgonjwa anaondoka na sipro na panadol. Akirudi homa iko palepale, haendi kwa daktari, anakuja dirishani kwangu kuniuliza nilipima nini.

Sasa bosi wangu, ambaye ni mfanyabiashara na si mtu wa afya ila ana akili ya kusikiliza, ameambiwa na rafiki yake kuhusu vipimo vipya vinavyotumia CRISPR, ile teknolojia ya kuhariri jeni, pamoja na mwanga wa kimulimuli. Kwamba sampuli ikiwa na mdudu mrija unawaka bluu, unaupiga picha kwa simu, na ndani ya dakika ishirini kazi imekwisha. Alikuwa ameshatenga fedha za mashine ya FBP, ya kuhesabu chembe za damu. Sasa anasita. Anasema kwa nini anunue mashine ya kuhesabu chembe wakati kinakuja kipimo kitakachotaja jina la mdudu kwa tone la damu ya kidole: hii taifodi, hii malaria, hii brusela, homa inayotoka kwa mifugo. Jibu analitaka Jumatatu.

Nisichokielewa ni hiki. Kuhariri jeni kunaingiaje kwenye kupima? Nikimwambia mama wa Pasua kwamba ndani ya mrija kuna mkasi wa jeni, atambeba mtoto wake na kuondoka. Na huo mwanga unaongeza nini ambacho mstari wa MRDT hauna? Na kubwa kuliko yote, hilo tone la kidole litatosha kweli?

Mangi Mbishi

Nunua FBP ulale. Kila mwaka naambiwa kuna kipimo kinakuja kubadilisha kila kitu, na kila mwaka nasoma slaidi kwa hadubini ileile niliyoikuta kazini.

Kijana wa Tengeru

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nasoma shahada ya juu hapa chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, upande wa sayansi ya viumbe. Vipimo vya namna hii ni sehemu ya ninachosoma, kwa hiyo dada yangu nitajibu maswali mawili ya kwanza. La tone la damu nawaachia waliochoma vidole vya watu kuliko mimi.

Kwanza mtoe hofu huyo mama. Hakuna jeni ya mtu inayoguswa. Kila kitu kinatokea ndani ya mrija, na mrija unatupwa kwenye taka hatarishi.

Hiyo CRISPR chanzo chake ni bakteria. Bakteria nao hushambuliwa na virusi, na wengi wana kinga yao: wanahifadhi vipande vya vinasaba vya virusi waliowahi kuwavamia, na vipande hivyo huiongoza protini fulani kumtambua virusi yuleyule akirudi na kumkata. Protini maarufu zaidi ni Cas9, na ile inayotumika sana ilitoka kwa Streptococcus pyogenes, huyuhuyu anayetuumiza koo. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba ukiitengenezea Cas9 kipande cha RNA cha kuiongoza, itaenda kwenye mfuatano wowote wa DNA unaoutaka wewe. Wakapata Nobel ya Kemia mwaka 2020. Wanaohariri jeni wanautaka ule ukataji. Sisi wa vipimo tunachotaka hasa ni ule uwezo wa kutafuta.

Ndiyo maana kipimo ambacho nadhani rafiki wa bosi wako alikisikia hakina mkasi hata mmoja. Kilichapishwa mwaka 2023 na kundi la Maarten Merkx wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, na kinaitwa LUNAS. Wametumia Cas9 iliyoharibiwa kwa makusudi sehemu zake mbili za kukatia. Inamtafuta mlengwa, inamshika, inabaki imemng'ang'ania hapohapo. Wanaiita Cas9 mfu.

Mwanga unaingia hivi. Kuna kimeng'enya kiitwacho lusiferasi, ndicho kinachompa kimulimuli taa yake. Huyu wa kwenye kipimo lakini hakutoka kwa kimulimuli, alitokana na uduvi wa bahari ya kina kirefu, akaboreshwa maabara akawa mdogo na mwenye mwanga mkali zaidi ya wa kimulimuli mara mia na zaidi. Jina lake NanoLuc. Wameigawa NanoLuc vipande viwili, kila kipande wakakifunga kwenye Cas9 mfu yake. Chukua noti ya elfu kumi iliyochanwa katikati: kila nusu peke yake muuzaji haipokei, zikikutana anapokea. Cas9 ya kwanza inashika sehemu moja ya DNA ya mdudu, ya pili inashika sehemu ya jirani kabisa, nusu mbili za NanoLuc zinakutana, zinaanza kuunguza chakula chake kilichomo kwenye mrija na kutoa mwanga wa bluu. DNA ya mdudu isipokuwepo, nusu hazikutani na mrija unabaki bila huo mwanga.

Ni lazima sehemu zote mbili zishikwe. Hilo mimi ndilo lililonivutia, maana Cas9 moja ikijikwaa kwenye DNA isiyo yake, peke yake haiwashi kitu.

Kabla ya hapo DNA inaongezwa nakala kwanza kwa njia iitwayo RPA, ambayo hufanya kazi kama ya PCR, njia ya maabara ya kunakili vinasaba, lakini kwa joto moja tu, kati ya nyuzi 37 na 42. Haitaki mashine ya kupandisha na kushusha joto. Kisha kuna hila ndogo niliyoipenda sana: ndani ya mrija huohuo wameweka kimeng'enya kingine cha kung'aa kijani muda wote, mdudu awepo asiwepo. Kamera inalinganisha bluu na kijani. Kwa hiyo kitendanishi kikipungua nguvu rangi zote mbili zinafifia pamoja na uwiano haukudanganyi. Kwenye pamba za pua na koo za wagonjwa wa Uviko, sampuli zenye nakala takriban 200 za virusi kwa kila mikrolita zilisomeka ndani ya dakika kama 20.

Faida ya mwanga huu juu ya vipimo vingine vya CRISPR ni kwamba vingi vilitangulia na vinatumia rangi zinazohitaji kumulikwa kwanza ndipo zing'ae. SHERLOCK ya mwaka 2017 na DETECTR ya mwaka 2018 zilianza hivyo. Ukimulika, unahitaji taa maalumu na kichujio, na vitu vingine kwenye sampuli vinang'aa pia vikakuchanganya. Huu wa lusiferasi unajizalisha wenyewe. Boksi jeusi na kamera ya kawaida vinatosha.

Fundi Sampuli (Moshi)

Ahsante sana mdogo wangu, umenisomesha. Hiyo ya kijani na bluu nimeipenda hata mimi, ningepata MRDT yenye ujanja huo ningefurahi. Lakini umesema pamba za pua na koo. Damu je?

Meku wa Benchi

Binti, hujambo. Mimi nimestaafu, niko Machame na ndizi zangu, lakini maisha yangu yote nimeyamalizia kwenye benchi, sehemu kubwa kwenye makohozi ya kifua kikuu. Kijana wa Tengeru ameeleza vizuri sana na sina cha kumsahihisha kwenye kemia. Ila swali lako la tatu ndilo swali lenyewe, na hakuna taa ya rangi yoyote inayolijibu.

Siku zote mtu akiniletea kipimo kipya namuuliza kitu kimoja kabla ya bei: mdudu unayemtafuta anakuwa wangapi kwenye sampuli unayoichukua?

Tuanze na malaria. MRDT inaanza kuaminika kwenye vimelea kama 200 kwa mikrolita. Mgonjwa wa kawaida anayetetemeka kwa malaria anavuka hapo bila shida. Tone la kidole tuseme mikrolita 20. Kwa 200 kila mikrolita, tone lina vimelea 4,000. Hapo mtu yeyote akija na kipimo cha vinasaba, king'ae kising'ae, kitaona.

Sasa taifodi. Bakteria wa taifodi kwenye damu ya mgonjwa, tena mgonjwa aliyelazwa, kiwango cha kati ni kama bakteria mmoja kwa mililita. Mmoja. Mililita moja ni mikrolita 1,000. Tone lako la mikrolita 20 ni sehemu ya hamsini ya hiyo. Maana yake uchome vidole hamsini ili upate bakteria mmoja, na hujui yuko kwenye tone lipi. Matone arobaini na tisa yaliyobaki utayaandikia hasi, na kipimo hakitakuwa kimekosea: kimeangalia tone, hakikuona, na kweli hakumo.

Linganisha na hiyo namba ya Waholanzi. Nakala 200 kwa mikrolita ni 200,000 kwa mililita. Kati ya laki mbili na mmoja kuna safari ndefu, na safari hiyo haifupishwi kwa kufanya mrija uwake zaidi. Kijana atasema kuna RPA ya kuongeza. Ni kweli, RPA itaifanya nakala moja kuwa mamilioni. Sifuri ikizidishwa na milioni inabaki sifuri.

Ndiyo maana kuotesha damu, ambako vijana wanakuona ni kwa kizamani, tunachukua mililita 8 mpaka 10 kwa mtu mzima. Hatuchukui nyingi kwa uroho. Tunatafuta wadudu wachache waingie kwenye chupa, kisha tunawapa chakula na muda wazaliane wenyewe. Inachukua siku, ndiyo. Na hata hivyo tunawakosa wagonjwa wengi tu.

Watu wanasifia GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, kwa sababu ya PCR. Mimi niliyeishi nayo nakwambia uzuri wake uko kwenye katriji, kile kikasha cha kuwekea sampuli. Unamimina makohozi uliyochanganya na dawa yake, yenyewe inachuja, inaosha, inawavunja bakteria kwa mtikisiko, inakusanya vinasaba, ndipo inaanza PCR. Kwa hadubini tulihitaji bakteria wa TB kati ya elfu tano na elfu kumi kwa mililita ya makohozi ili tuwaone. Katriji ilishuka mpaka mia moja na kitu. Shirika la Afya Duniani likaipitisha Desemba 2010. Ile kazi chafu ya kuosha ndiyo ngumu, na hakuna anayeiandikia habari kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Kuna jambo jingine kuhusu damu, na kijana ataniunga mkono. Mwanga huo ni wa bluu. Damu ni nyekundu kwa sababu inaumeza mwanga wa bluu na wa kijani. Ukiweka damu mbichi kwenye mrija wa kung'aa bluu, damu yenyewe itakuzimia taa. Itabidi uizimue sana au uisafishe, na ukiizimua unarudi kwenye hesabu ileile ya wadudu wachache.

Halafu bosi wako amekutajia malaria, taifodi, brusela. Nani kamwambia ndizo homa za Moshi? Huu mji ulipimwa. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi, wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali walichunguzwa kwa kina, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa 528. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Waliokutwa na bakteria kwenye damu ni 85. Kisha kwa wale waliopimwa magonjwa ya kutoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: leptospira 40, riketsia za kupe 36, homa ya Q 24, brusela 16. Na chikungunya nayo ilikuwamo. Dirishani kwako hakuna anayesema "dada nipime riketsia".

Kipimo cha kushika vinasaba kinamtafuta yule tu uliyemwandikia RNA ya kumtafuta. Ukimwandikia taifodi, mwenye leptospira atatoka hasi, atarudishwa nyumbani akiwa amefarijika, na figo zinaendelea kuharibika.

Mfugo Longido

Meku umenena. Mimi ni afisa mifugo huku wilayani Longido, mkoa wa Arusha, naona upande wa pili wa hiyo orodha. Mtu anakunywa maziwa mabichi, anamsaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu, homa inampanda na kushuka mwezi mzima, maungio yanauma. Akifika mjini anapimwa taifodi. Dada, hata kabla ya mashine, ongezeni swali moja kwenye fomu: una mifugo, au umekunywa maziwa yasiyochemshwa? Hilo halihitaji umeme.

Kijana wa Tengeru

Meku shikamoo, na la damu kumeza bluu nakuunga mkono kabisa. Hemoglobini inameza vibaya sana eneo hilo la mwanga.

Lakini naomba nisimame upande wa teknolojia kidogo. Umechagua sampuli ngumu kuliko zote. Taifodi kwenye damu ni mtihani unaoshinda hata PCR za hospitali kubwa. Kuna sampuli ambazo wadudu wamejaa tele. Koo, pua, makohozi, ute wa ukeni, na mkojo. Hasa mkojo. Dada Fundi amesema UTI inaandikwa ovyo. Kigezo cha siku zote cha kuotesha mkojo ni bakteria 100,000 kwa mililita, yaani 100 kwa mikrolita. Hiyo iko jirani kabisa na 200 ya LUNAS. Hapo hatuongelei safari ndefu tena.

Fundi Sampuli (Moshi)

Mnanifungua macho. Na mkojo mimi tayari nauzungusha kwenye sentrifuji, mililita 10 zinabaki mashapo kidogo chini ya mrija. Si ndiyo nimeshawakusanya wadudu bila katriji?

Meku wa Benchi

Kwa kiasi chake, ndiyo. Sentrifuji yako imewekwa kwa ajili ya chembe, na bakteria ni wadogo kuliko chembe, kwa hiyo wengi watabaki juu usipozungusha kwa nguvu na muda zaidi. Lakini wazo ni sahihi na kijana amenishinda hapo. Mkojo ningekubali.

Hata hivyo msiharakishe. Mgonjwa wa UTI hahitaji sana jina la bakteria, mara nyingi ni E. coli tu. Anahitaji kujua dawa ipi itamuua. Ukiotesha unapata bakteria hai, unamwekea vidonge vya karatasi vyenye dawa, unaona anakufa kwa ipi. Kipimo cha mwanga kitakuonyesha jeni. Unaweza kukielekeza kwenye jeni ya usugu, na hilo lingekuwa jambo kubwa maana sipro na seftriaksoni zinagawiwa kama njugu. Ila jeni za usugu ni nyingi, na kila moja inataka RNA yake ya kuongoza.

Pia vinasaba havina hai na maiti. Mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa ya dukani atakuwa na bakteria waliokufa kwenye mkojo na mrija utawaka vilevile. Na mama aliyekinga mkojo bila kujisafisha, akakinga wa mwanzo badala ya wa katikati, atakuletea bakteria wa ngozi na wa haja kubwa. Kipimo kikiwa chepesi kuona zaidi, makosa ya kukinga nayo yanaonekana zaidi.

Kijana wa Tengeru

Niongeze moja kuhusu chumba chako dada, maana umetaja pangaboi. Njia yoyote ya kuongeza DNA inazalisha mabilioni ya nakala. Ukifungua mrija baada ya kuongeza, zinaruka hewani, zinatua kwenye benchi, kwenye pipeti, kwenye koti. Kuanzia hapo kila mgonjwa anakuwa chanya, mpaka maji yenyewe yanatoka chanya. Maabara za PCR hutenga vyumba kwa sababu hiyo. SHERLOCK za mwanzo zilikuwa na hatua mbili, unaongeza kwenye mrija mmoja na kuhamishia mwingine. LUNAS kila kitu kimo kwenye mrija mmoja, hufungui. Kwa maabara ya chumba kimoja hilo kwangu ni kubwa kuliko hata mwanga. Akija mtu na kipimo cha kufungua na kuhamisha, mkatae papo hapo.

Mangi Mbishi

Haya, nimesoma yote. Kwa hiyo kinauzwa au hakiuzwi? Maana tunahesabu vifaranga vya kuku wa Uholanzi.

Kijana wa Tengeru

Nilichokieleza ni kazi ya watafiti iliyochapishwa, bosi asiwekee hesabu kitu asichoweza kukiagiza. Vipimo vya CRISPR kwa ujumla vimeshafika sokoni Marekani: Mei 2020 mamlaka yao ya dawa iliruhusu kwa dharura kile cha Sherlock Biosciences cha Uviko, kikawa cha kwanza cha aina hiyo. Lakini kile kilikuwa cha maabara zenye vifaa kamili, hakikuwa cha dirishani.

Fundi Sampuli (Moshi)

Nimeelewa. Jumatatu namwambia anunue FBP, kwa sharti kwamba tusiigeuze kuwa kipimo cha kutaja mdudu, maana najua itakapoelekea: chembe nyeupe zikishuka, "taifodi". Na swali la Mfugo naliandika kwenye fomu kesho asubuhi, halina gharama.

Ila bosi nikimwambia "subiri" tu hataridhika, ni mtu wa vitendo. Meku, mtu akija kweli na boksi lake jeusi na mirija yake, nimuulize nini? Na widal niifanyeje?

Meku wa Benchi

Mwulize anachukua sampuli gani na mililita ngapi. Akisema tone la kidole kwa ajili ya taifodi, mpe chai mzungumze habari za mvua. Mwulize kiwango cha chini anachoona akuambie kwa mililita ya sampuli, asikwambie "nakala kumi kwa mrija", kwa sababu hajasema mrija unakula sampuli kiasi gani. Mwulize alilinganisha na nini: kama taifodi aliilinganisha na widal, hajalinganisha na kitu. Mwulize vitendanishi vinakaa joto gani. Vikiwa vimekaushwa kuwa unga vitavumilia, vikiwa vya maji na jokofu lako siku umeme umekatika, utanunua takataka. Na namba ya usajili ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, uione wewe mwenyewe kwa macho.

Widal ina umri wa tangu 1896. Inatafuta kingamwili, haimtafuti bakteria, na kingamwili zinabaki mwilini baada ya ugonjwa kuisha, zinapanda kwa wadudu wengine wa jamii hiyo. Kusoma mara moja 1:160 kwa mtu wa Pasua aliyekulia hapahapa hakukuambii kitu. Najua bosi anaipenda kwa sababu inaleta hela na haichukui muda, na daktari anaipenda kwa sababu inampa neno la kuandika. Wewe huwezi kuifuta peke yako. Unachoweza ni kuandika namba bila kuandika neno "chanya", na daktari akiuliza umweleze.

Fundi Sampuli (Moshi)

Hilo nitalijaribu, vita vyake navijua. Na wale wenye homa kali ya siku nyingi, malaria hasi, ambao moyo wangu unaniambia wana kitu kwenye damu? Siwezi kuotesha hapa, lakini hospitali ya rufaa haiko mbali, bodaboda inafika haraka. Nikikubaliana na maabara yao wakanipa chupa, damu nitoe hapa nipeleke?

Meku wa Benchi

Kubaliana nao kwanza kwa maandishi, bei na nani anapokea usiku. Ngozi safisha na iache ikauke kabla ya kuchoma, la sivyo utaotesha bakteria wa mkono wa mgonjwa. Mililita 8 mpaka 10 kwa mtu mzima, watoto kidogo kulingana na uzito. Damu ichukuliwe kabla hajameza sipro, na kama ameshameza dukani andika kwenye fomu. Chupa iende siku hiyohiyo, ikae kwenye joto la kawaida la chumba, na mtu yeyote wa zahanati yako akiona damu asikimbilie kuiweka kwenye jokofu. Bandika karatasi juu ya chupa uandike hivyo kwa wino mwekundu.